Pigo la Saba

Namna nilivyofika nchi ya Majukwaa haimhusu msomaji. Nilipanda, nikashuka, nikaumwa tumbo, nikafika. Mimi kazi yangu ni kutengeneza cherehani zilizoharibika, na nilikwenda kule kwa sababu niliambiwa watu wake wameweza jambo ambalo sisi mafundi limetushinda tangu zamani, yaani kutengeneza kifaa kimoja kikaingia kwenye mashine ya kila kampuni. Nilikaa miezi minane. Niliyoyaona nayaandika kama nilivyoyaona, na pale nilipokasirika nitasema nilikasirika.

Nchi ile ina mikoa mitatu, na kila mkoa una jukwaa lake moja kubwa. Jukwaani ndiko watu wanakofundishwa, wanakochekeshwa na wanakoombolezea wafu wao, yote kwa ngoma, taa na picha zinazoangushwa juu ya kitambaa cheupe. Lakini kila mwamba ngoma huvutia kwake. Mkoa wa Kaskazi una sheria kwamba mlango uliokwisha kufunguliwa haufungwi kamwe, kwa hiyo jukwaa lao lina milango ishirini na mitatu, mingine ya kupita mbuzi tu, na kila mmoja una familia inayoapa kwamba hauachi. Mkoa wa Mwinuko una mlango mmoja, mzuri ajabu, ila kila mwaka huhamishwa, na siku ya kuuhamisha ofisa mwenye joho jeupe husimama mbele ya watu kutangaza kwamba ule wa mwaka jana ulikuwa aibu. Mkoa wa Bondeni hauna mwenye jukwaa. Kila mtu ana haki ya kupigilia msumari wake, na nilipopita walikuwa katika mwaka wa sita wa kikao cha kujadili kama mlango ni kitu au ni tundu tu.

Sasa msanii afanyeje? Akijifunza adabu za mikoa yote mitatu atazeeka kabla hajapiga hata wimbo mmoja. Ndipo ikajengwa Nyumba ya Kati, pale mipaka mitatu inapokutana. Msanii huandika karatasi moja tu: hapa ngoma, hapa taa nyekundu, hapa picha ya mti. Akiipeleka Nyumba ya Kati, watu wa mle huchukua ngoma na taa na picha wakazifikisha kwenye jukwaa lolote, kwa mlango wake na kwa adabu yake. Katika nchi ile mlio hubebwa kwa vikapu. Nilishangaa siku mbili, ya tatu nikazoea.

Nilidhani nyumba inayobeba sanaa ya nchi nzima itakuwa na askari getini na bustani ya maua. Nilikuta watu wanne na paa linalovuja. Mkuu wao alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kidogo, jina lake Nyamizi, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Aliponiuliza kazi yangu nikamwambia, akasema, "Cherehani? Basi unajua kulaumiwa. Karibu, kaa hapo, nisomee malalamiko."

Malalamiko yalikuwa kwenye tenga kubwa mlangoni. Karatasi ya kwanza ilisema: "Haifanyi kazi." Ya pili: "Haifanyi kazi tena." Ya tatu ilikuwa kurasa nne za matusi, na mwisho wake mwandishi akakiri kwamba amegundua hakuwasha taa, lakini ameona aitume tu barua kwa kuwa ameshaiandika. Sheria ya nchi inataka kila lalamiko litaje jukwaa gani, saa ngapi, na nini hasa kilionekana. Katika siku yangu ya kwanza nilisoma mia na kumi. Yaliyofuata sheria yalikuwa mawili, na moja lilikuwa la Nyamizi mwenyewe.

Tena kuna desturi ya zawadi. Mtu yeyote anaruhusiwa kuiletea nyumba ufundi wake, na ukipokelewa jina lake huchorwa ukutani. Nilimwona Nyamizi akihangaika na mtambo wa kutoa moshi wa rangi, unaokohoa kila mlango wa Mwinuko unapohamishwa.

"Huu nao ni wa nani?" niliuliza.

"Aliuleta kijana mmoja wa Bondeni, miaka tisa sasa. Alisema atautunza mwenyewe."

"Yuko wapi?"

"Alioa," alisema Nyamizi, na akaendelea kuufuta masizi.

Hapo ndipo nilipokasirika mara ya kwanza. Kuzaa si kazi. Kazi ni kulea. Nilimwambia autupe ule mtambo. Akanitazama juu ya miwani yake akasema upo wimbo mmoja wa watoto kule Kaskazi unaotumia moshi ule, na juu ya mlango wa Nyumba ya Kati yameandikwa maneno matano: *Tulichokwisha kuahidi sisi hatukiondoi kamwe kabisa.* Nikayahesabu, yalikuwa sita. Alisema la sita liliongezwa baadaye, na hakuna anayethubutu kuliondoa.

Jambo lililonigusa zaidi katika nchi ile wenyewe wanaliita *pumzi*. Ngoma ya Nyumba ya Kati haipigi pale inapotakiwa. Huchelewa kidogo sana, kama mtu anayemeza mate kabla ya kujibu. Karatasi ikisema ngoma ilie mguu unapotua, mguu hutua, kisha ngoma hulia. Kwa miaka ishirini na mbili wachezaji wamejifunza kuchelewesha miguu ili ikutane na ngoma, na watunzi wameandika karatasi zao kwa kuihesabu pumzi. Wasomi nao hawakukaa kimya. Wapo waliofundisha kwamba pumzi ni unyevu wa Bondeni unaoulegeza mlio, na wapo waliofundisha kwamba ni heshima, na kwamba taifa lisilochelewa halina adabu. Bwana mmoja alikuwa ameandika vitabu vitatu juu yake na alikuwa anamalizia cha nne.

Mwaka ule nyumba ilikuwa inajengwa upya. Mlango wa Mwinuko ulikuwa umehamishwa mpaka ukatazamana na choo cha nyumba ya zamani, na ukuta wa upande wa Kaskazi ulikuwa umejaa viraka hata tofali halionekani. Nyumba mpya ilikuwa inapanda pembeni, na ya zamani ingebomolewa siku ya kwanza ya mwaka. Likaitwa baraza kuamua kitu kimoja: je, pumzi ihamie nyumba mpya au ife na ile ya zamani?

Lubango ndiye aliyeanza kusema. Alikuwa mmoja wa wale wanne wa Nyumba ya Kati, mtu msafi sana, anayekunja hata matambara ya kufutia mafuta. "Hatuhami na kunguni," alisema. "Nyumba mpya ngoma ilie inapotakiwa. Kila msanii arekebishe karatasi yake, ni kazi ya wiki moja." Wasanii wakashangilia. Wengi walikuwa vijana, na wiki moja kwao si kitu.

Akasimama mama mmoja wa makamo, mnene, mwenye kanga mbili na mkoba wa ukindu. Aliitwa Bi Sikitu, mwenye kikundi cha wachezaji kule Mwinuko.

"Ninyi mtarekebisha zenu," alisema. "Yangu mimi aliiandika kaka yangu Makame, na Makame tumemzika. Nani ataigusa?"

Lazima nieleze hapa. Katika nchi ile mtunzi akifa karatasi zake hutiwa lakiri. Nyumba ya Kati hupewa nakala iliyofungwa, nayo huweza kuitekeleza ikiwa imefungwa hivyo hivyo, lakini hakuna mkono wa mtu aliye hai unaoruhusiwa kuifungua wala kubadilisha hata nukta. Karatasi ya Makame ilikuwa mchezo mmoja uitwao *Kuanua*. Mwanamke yumo uani anaanua nguo kabla mvua haijafika. Anakimbilia ndani na mzigo, kisha anageuka nyuma kwa sababu amesahau kanga moja kwenye kamba. Mchezo wenyewe ni huo tu. Nilikuwa nimeuona mara mbili na mara zote mbili nilimkumbuka mama yangu, ingawa mama yangu hakuwa mtu wa kusahau nguo.

"Bi Sikitu, kwa heshima zote," alisema Lubango, "hatuwezi kuchelewesha ngoma ya nchi nzima kwa ajili ya marehemu mmoja."

"Sijaomba ya nchi nzima, mwanangu. Nimeomba ya kaka yangu. Nyumba ikibomolewa na pumzi ikatoka, mchezaji wangu atageuka nyuma ngoma imeshapita. Watu watacheka. Makame hakuandika kichekesho."

"Basi ni bahati mbaya. Pumzi ni hali ya nchi, haikuletwa na mtu, na..."

"Ililetwa," alisema Nyamizi.

Alivua miwani, akaishika mikononi.

"Ninyi mnajua nyumba hii inahesabu kuanzia *bado*," alisema. "Kwa watu wa sokoni kitu cha kwanza ni moja. Kwetu cha kwanza ni bado, kwa sababu mkono unaonyanyuka kabla ya kupiga nao huhesabiwa. Bado, moja, mbili, tatu. Mimi nilipokuwa na wiki ya tatu tu hapa, nilipewa kurekebisha ngoma. Nikahesabu kama nilivyohesabu nyanya za mama yangu. Nikaanzia moja. Ngoma yote ikasogea nyuma pigo dogo moja. Pumzi si unyevu wala si heshima. Pumzi ni mimi."

Kisha yule bwana wa vitabu vitatu akainuka, uso umemvimba, akadai Nyamizi afute kauli yake kwa maandishi, maana kitabu cha nne kiko kwa mchapaji. Mtu wa nyuma akapiga kelele, "Kosa moja haliachi mke!" na watu wakacheka, na kicheko kile kilimwokoa.

"Kwa nini hukusema?" Lubango alimuuliza, na sauti yake haikuwa ya ukali tena.

"Nilipogundua, mwaka ulikuwa umepita na nyimbo mia zilikuwa zimeandikwa juu ya kosa langu. Ningelirekebisha ningezivunja zote. Nikasema nitasema kesho. Mficha maradhi kifo humuumbua."

Uamuzi ulitoka jioni. Katika nyumba mpya ngoma italia inapotakiwa. Lakini kwa ajili ya karatasi zenye lakiri Nyamizi atajenga chumba kidogo cha nyuma, ambamo ngoma itachelewa kama zamani, na karatasi za marehemu zitapitia humo bila kuguswa. Bi Sikitu ndiye atakayekisikiliza na kukikubali. Kama mwaka utaisha hajakikubali, nyumba ya zamani itabomolewa hivyo hivyo, na *Kuanua* itakwenda nayo. Ilibaki miezi minne.

Lubango aliona ni upuuzi kujenga kosa kwa makusudi. Mimi sikuona hivyo. Zamani niliwahi kuletewa cherehani ya kanyagio lililokuwa linalia kama panya. Mwenyewe alitaka sindano tu, lakini mimi kwa ujuaji wangu nikalipaka mafuta na kanyagio. Baada ya siku tatu akarudi analia: mjukuu wake halali, alikuwa amezoea kulala kwa mlio ule. Nilijaribu kuurudisha. Hadi leo sijafaulu, na yule mteja hakurudi kwangu tena. Nilimsimulia Nyamizi kisa hicho, naye akanipa nyundo nimsaidie.

Chumba kilikamilika katika mwezi wa pili wa ile minne. Ngoma yake ilichelewa pigo dogo moja barabara, tulipima kwa mchanga na kwa maji. Bi Sikitu akaja na mkoba wake wa ukindu, akakaa kwenye kigoda, akasikiliza mpaka mwisho.

"Siyo," alisema.

"Siyo vipi, mama? Pumzi ipo," alisema Nyamizi.

"Pumzi ipo. Siyo yeye."

Nilikasirika mara ya pili. Nilijisemea mama huyu anamtaka marehemu mwenyewe, na huyo hakuna chumba kitakachomrudisha. Lakini Nyamizi alichuchumaa mbele yake akamuuliza taratibu, kama daktari anayetafuta panapouma: jukwaa gani, wapi, anasikia nini hasa.

Bi Sikitu akafumba macho, akahesabu kwa vidole kwenye paja lake. "Pigo la saba. Pale anapogeuka nyuma. Ngoma ya kaka yangu inamngoja. Yako haimngoji, inampita."

Nyamizi akainuka. Aliniambia baadaye kwamba katika miaka ishirini na mbili hajawahi kuletewa lalamiko zuri namna ile, lenye kila kinachotakiwa na sheria na lisilo na tusi hata moja.

Ilituchukua wiki tatu kulipata. Tulirudi nyumba ya zamani, tukatoa kila ubao. Kosa halikuwa kwenye ngoma. Lilikuwa kwenye vikapu. Mlio wa nyumba ya zamani ulibebwa kwa vikapu vya mapigo sita sita. Cha kwanza kikijaa huondoka, na pigo la saba hungoja kikapu kitupu kirudi. Kungoja kwenyewe ni tundu la kufumba na kufumbua, na hakuna mtu wa Nyumba ya Kati aliyewahi kulisikia. Makame alikuwa amelisikia. Akamweka mwanamke wake ageuke nyuma pale pale, ndani ya tundu lile.

Katika nyumba mpya hapakuwa na vikapu. Mlio ulipita kwenye mfereji laini ambao Lubango aliujenga mwaka mzima, nao ulikuwa fahari yake. Nilitegemea ugomvi. Lubango alisoma maelezo ya Nyamizi mara mbili, akakunja tambara alilokuwa nalo mkononi, akasema, "Kwa hiyo aliusikia ubovu wetu kabla yetu sisi wenyewe." Kisha akaenda kutafuta ukindu.

Tulisuka vikapu sisi watatu. Vidole vyangu vilichubuka, maana vimezoea bisibisi, si ukindu. Vikapu vya kwanza vilitoka vizuri mno, vikarudi haraka, pigo la saba halikungoja vya kutosha. Ilibidi tuvisuke vibaya kama vile vya zamani, mpini mmoja mfupi, tako limelegea. Sijapata kuona watu wenye ujuzi wakijitahidi hivyo kuharibu kitu kwa kipimo.

Bi Sikitu aliitwa tena siku tano kabla ya mwaka kwisha. Nyamizi hakutaka huruma, akataka kipimo cha haki. Akamkalisha ameipa mgongo ngoma, akamwambia: "Mama, nitakupigia *Kuanua* mara mbili. Mara moja itatoka nyumba ya zamani, mara moja chumba kipya. Sikwambii ipi ni ipi. Utaniambia ipi ni ya kaka yako. Ukisema ile nyingine siyo, nitakubali kwamba nimeshindwa."

"Sawa," alisema Bi Sikitu, akajifunika kanga kichwani.

Ikapigwa ya kwanza. Moja mpaka sita, kisha lile tundu dogo, kisha la saba. Mabega ya Bi Sikitu yalishuka. Tukangoja. Ikapigwa ya pili. Nilimtazama Nyamizi, alikuwa amefumba macho na midomo yake ilikuwa inahesabu, bado, moja, mbili. Lilipofika pigo la saba Lubango alishika ukuta.

Bi Sikitu aliivuta kanga ikaangukia mabegani. Kisha akageuka kwenye kigoda, machozi yanamtiririka na macho yamejaa hasira.

"Nyamizi," alisema, "mimi si mtoto. Nimetoka Mwinuko kwa miguu na goti langu hili. Unaniambia nichague, halafu unanipigia ile ile mara mbili?"

Nyamizi alikaa chini pale pale kwenye vumbi, akacheka huku analia. Lubango alitoka nje. Bi Sikitu alituangalia mmoja mmoja, na pole pole nikaona anaelewa, mkono ukapanda mdomoni.

"Ipi?" alinong'ona. "Ipi ilikuwa yenu?"

"Haina haja tena kujua, mama," alisema Nyamizi.

Siku ya kwanza ya mwaka nyumba ya zamani ilibomolewa kabla ya adhuhuri. Wasanii walikuja wengi kutazama ile mpya, wakasifu mfereji wa Lubango, wakasifu ngoma isiyochelewa. Hakuna aliyeulizia chumba cha nyuma. Alasiri tenga la malalamiko lilikuwa limejaa, na karatasi ya juu kabisa ilisema: "Haifanyi kazi."

Kabla sijaondoka nilikwenda kuaga. Nyamizi hakuwa mezani pake. Nilimkuta kwenye kile chumba, amepanda kigoda, anachora maneno kwa msumari juu ya vikapu vyetu vibovu, mahali ambapo fundi yeyote mpya atakayekuja miaka ijayo na nyundo na nia njema ni lazima ayasome kwanza. Niliyanakili yote. Yalisema:

*Hapa ngoma inachelewa pigo dogo moja, na la saba linangoja kikapu. Kosa la kwanza ni langu, Nyamizi. La pili sijui ni la nani. Usiyarekebishe. Kuna mtu anageuka nyuma.*